Ramabai, Kedgaon, na sisi tuliolelewa na kituo

Huku kwetu ukitaja umisheni wa India watu watakwambia Mama Teresa wa Kalkata, basi, habari imeishia hapo. Siwashangai, hata kwa bibi yangu Singida kulikuwa na kalenda yenye yule sista na sari yake nyeupe ya mistari ya bluu, ilikaa ukutani miaka na miaka mpaka ikapauka. Ila Kalkata ni jiji, na watoto maskini wa India wengi wako vijijini, kwenye mashamba ya watu, kwenye vitongoji vya Wadaliti, watu wa chini kabisa kwenye matabaka ya Kihindu, ambako zamani mtoto akigusa kisima cha watu wa tabaka la juu inakuwa kesi. Na kwa huko vijijini mtu ambaye mimi namuweka wa kwanza kabisa kwenye kazi ya Kikristo kwa watoto hakutoka Ulaya wala Marekani. Alikuwa Mhindi, mwanamke, mjane, na alishawahi kushinda njaa mpaka akala majani. Anaitwa Pandita Ramabai.

Niseme mapema kwa nini hii habari imenikaa rohoni. Mimi ni mtoto wa kituo. Waliosoma kwa njia hiyo wananielewa nikisema hivyo, yaani Jumamosi asubuhi unaenda kanisani na kikombe chako, unakunywa uji, mnafundishwa Biblia, mchana wali maharage, unapimwa urefu na uzito, unaandika barua kwa mfadhili, na kila mwaka unapigwa picha ukiwa umevaa nguo nzuri kuliko zote ulizonazo. Nimesomeshwa hivyo mpaka kidato cha nne na namshukuru Mungu, namshukuru na yule mama wa mbali aliyekuwa analipa ambaye sijawahi kumwona kwa macho. Kwa hiyo mtu asisome makala hii akadhani napinga misaada. Lakini aliyekaa upande wa kupokea anaona vitu ambavyo anayetoa havioni, anajua ile picha inapigwaje, anajua barua inaandikwaje siku ambayo huna cha kuandika, anajua na ile hofu ya kusikia mfadhili wa fulani kajitoa na fulani Jumamosi ijayo haji tena. Nilipoanza kusoma habari za Ramabai nikakuta mtu aliyekaa upande huo huo kabla hajawa mtoaji, na kwenye kila alichofanya naiona akili ya mtu anayejua.

Alizaliwa 1858 kusini mwa India, kwenye milima yenye misitu, familia ya Kibrahmani, tabaka la juu kabisa la Wahindu. Baba yake Anant Shastri alikuwa msomi wa Kisanskriti, lugha ya maandiko ya Kihindu, na alifanya jambo ambalo wenzake walimchukia nalo, alimfundisha mke wake Kisanskriti, lugha ambayo mwanamke hakutakiwa kuijua. Mama ndiye akaja kumfundisha Ramabai. Familia ilikuwa inatembea kwa miguu kutoka hekalu hadi hekalu, wanasoma maandiko mbele za watu, watu wanawapa chochote, maisha yanaenda. Halafu katikati ya miaka ya 1870 njaa ikaingia. Wakauza vilivyouzika, vikaisha, wakaingia porini wakawa wanaishi kwa maji, majani na tende pori kidogo. Baba akafa. Mama akafa. Dada mkubwa naye akafa. Wakabaki Ramabai na kaka yake Srinivas.

Kuna kitu alikiandika mwenyewe baadaye ambacho mimi naona ndio ufunguo wa kazi yake yote. Alisema wazi kwamba wao walikuwa wamejazwa maandiko kichwani lakini hawakufundishwa kazi yoyote ya kuwaingizia riziki, na hata kama wangepata kibarua heshima ya tabaka lao isingewaruhusu kukifanya, na kuomba nako aibu. Mama yake akiwa mahututi alijilazimisha kwenda nyumba ya watu kuomba kipande cha mkate, na maneno yakakataa kutoka mdomoni. Jamani, hebu kaeni na hilo kidogo. Msichana mwenye mistari elfu na elfu ya mashairi kichwani ameshindwa kutamka "naomba chakula". Sisi tuna methali kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na huyu njaa alikuwa anaijua kwa jina lake.

Yeye na kaka yake wakatembea India nzima kwa miguu mpaka 1878 wakafika Kalkata, wasomi wa pale wakamtahini wakashindwa kuamini, wakampa cheo cha Pandita, maana yake msomi, na Saraswati, jina la mungu wa kike wa elimu. Kaka akafariki 1880. Mwaka huo huo Ramabai akaolewa na mwanasheria wa Kibengali wa tabaka la chini, ndoa ambayo pande zote mbili ziliikataa, wakapata mtoto wa kike Manorama, na 1882 kipindupindu kikamchukua mume. Miaka ishirini na mitatu, mjane, ana mtoto mchanga, hana baba hana mama hana kaka. Na mjane wa tabaka la juu India ya wakati ule alikuwa ni mkosi unaotembea, ananyolewa nywele, anavuliwa mapambo, chakula chake kinapunguzwa, na wengi wao walikuwa ni watoto, mtu kaozeshwa akiwa na miaka sita mume kafa ana miaka tisa, basi maisha yake ndio yamefungwa hapo.

1883 akaenda Uingereza kusoma, akapokelewa na masista wa Kianglikana kule Wantage, na akabatizwa mwaka ule ule. Hapa ndipo wengi wanapotaka kuruka haraka waseme "akaokoka, akarudi, akafungua kituo." Hapana. Alibishana sana na wale masista waliompokea. Walitaka akubali kila walichomwambia, akawaambia dhamiri yake imetoka kwenye nira moja na hawezi kuiingiza kwenye nira nyingine. Aliendelea kula chakula chake kisicho na nyama na kuvaa mavazi ya kwao. Mimi nampendea hapo hasa. Mtu anakula kwako, analala kwako, mtoto wake analelewa na wewe, na bado anakwambia kwa heshima kwamba hapa sikubaliani na wewe. Ni watoto wangapi wa vituo waliopewa nafasi ya kusema hivyo? Mimi sikumbuki kupewa, na kwa kweli sikujua kama inawezekana.

Baadaye akaenda Marekani, akazunguka akieleza hali ya wajane watoto, watu wa Boston wakaunda chama cha kumsaidia kwa miaka kumi. Miaka kumi, na baada ya hapo ajue mwenyewe. Machi 1889 akafungua shule Mumbai, Sharada Sadan, ikaanza na wanafunzi wa kuhesabu kwenye kiganja, mwaka uliofuata akaihamishia Pune. Na akiwa bado analipiwa na Wamarekani akanunua shamba Kedgaon, kijiji kiko kwenye reli kilomita kama sitini kutoka Pune, akapanda miti ya matunda ili ile miaka kumi ikiisha shule iwe na pesa yake. Hili jambo nimelisoma nikalirudia. Mfadhili bado yupo, pesa bado inakuja, na mwenye kazi ameshaanza kuchimba mashimo ya miembe na michungwa kwa ajili ya siku ambayo mfadhili hatakuwepo. Ndio maana nasema akili ya mtu anayejua.

Kisha ikaja njaa ya 1896.

Ramabai alisafiri mwenyewe kwenda Mikoa ya Kati kuangalia, na alisema kumbukumbu za njaa yao zilimrudia zote. Wasichana walikuwa wamekaa pembeni ya barabara na kwenye makambi ya msaada, mifupa, vidonda, na pembeni yao kuna watu waliokuja kuwachukua kwa sababu nyingine kabisa, kuwauza. Akaanza kuwakusanya, mamia. Pune tauni ikawa imeingia na serikali imezuia kuongeza watu, kwa hiyo akawapeleka kule shambani Kedgaon, wakaanza na mahema na vibanda vya nyasi kwenye ile miti ya matunda. Pakaitwa Mukti, yaani ukombozi. Njaa ya Gujarat ilipokuja 1900 akaleta wengine tena, na kufikia mwaka huo Mukti ilikuwa na watu zaidi ya 1,500, karibu wote wanawake na watoto.

Sasa fikiria unaamka asubuhi una watu 1,500 wa kuwalisha kwenye kijiji kikavu. Walichimba visima. Walifuga ng'ombe wa maziwa. Walikamua mafuta, walifuma vitambaa, walishona, walifua kwa malipo, walilima, walifundishana ualimu na uuguzi, na kulikuwa na mashine ya kuchapa vitabu ambayo wasichana wenyewe ndio walikuwa wanapanga herufi na kuiendesha. Wasioona walifundishwa kusoma breli na kufuma vikapu. Kulikuwa na nyumba ya wasichana waliodhulumiwa kimwili ambao hakuna mtu mwingine angewapokea, nyumba ya wazee, na wavulana nao wakapata sehemu yao. Na wasichana wa tabaka la juu walikaa na waliotoka chini kabisa, wakapika pamoja. Kwa yule msichana aliyeshindwa kuomba mkate kwa sababu hakufundishwa kazi, hiyo karakana ilikuwa ni kuwahakikishia watoto wa watu wengine kwamba hawatasimama mlangoni mwa mtu ulimi umekauka.

Wanaosema misheni zilifanya kazi nzuri bila doa sikubaliani nao, na hata Mukti ina upande wake mgumu. Sharada Sadan ilianza kwa ahadi kwamba dini ya mtoto haitaguswa, kila mmoja aabudu kama kwao. Lakini Ramabai alikuwa anasali mlango wazi na baadhi ya wasichana wakaanza kumfuata, wazazi na wazee wa Pune wakakasirika, Tilak mwenyewe, mwanasiasa mkubwa wa wakati ule, akamshambulia kwenye gazeti lake, na 1893 wasichana wengi wakatolewa shuleni. Mukti haikuwa na ile ahadi, ilikuwa ya Kikristo waziwazi, na 1905 ulitokea uamsho mkubwa pale ambao Wapentekoste mpaka leo wanautaja. Mimi ni mwamini na nafurahi mtu akimjua Yesu. Lakini najiuliza pia, mtoto uliyemuokota barabarani akiwa mifupa, analala kwako, anakula kwako, ana uhuru gani wa kukwambia hapana? Ramabai alikuwa na uhuru huo Wantage kwa sababu alikuwa mtu mzima na msomi. Mtoto wa miaka minane hana. Na swali hili wala halijatoka kwa maadui wa kanisa, linatakiwa liulizwe na sisi wenyewe kwanza, maana wale waliokuwa wanaitwa kwa dharau Wakristo wa mchele, yaani waliobatizwa ili wapate chakula, walikuwa ni watu, walikuwa na njaa kweli, na walitukanwa kwa sababu ya namna sisi tulivyowapa chakula.

Alifariki Aprili 1922, binti yake alikuwa amemtangulia mwaka mmoja nyuma. Miaka yake ya mwisho aliitumia kutafsiri Biblia yote kwa Kimarathi cha kawaida ambacho mwanamke wa kijijini anakielewa, alijifunza Kiebrania na Kigiriki kwa ajili hiyo, na waliopanga herufi na kuchapa ni wale wale waliookotwa kwenye njaa. Serikali ya India ilimtolea stempu 1989. Mukti bado ipo Kedgaon.

Kuna kitu kingine kutoka jimbo hilo hilo la Pune na Kedgaon, Maharashtra, ambacho kinatuhusu sisi Waswahili moja kwa moja na naona ajabu kwamba tulikuwa hatufundishwi shuleni. Katika karne ya 19 manowari za Kiingereza zilipokuwa zinakamata majahazi ya watumwa kwenye bahari yetu, baadhi ya watoto waliokombolewa walipelekwa Mumbai. Watoto wa Kiyao, wa Kinyasa, wa bara huku. Shirika la kimisheni la CMS lilikuwa na kijiji cha Kikristo Sharanpur karibu na Nasik, chini ya mchungaji William Price, na hapo watoto wetu wakalelewa pamoja na yatima wa Kihindi, wakasoma, wakafundishwa useremala, uhunzi na kilimo. Kwa hiyo ukisema misheni kwa watoto maskini India, kumbe kuna wakati watoto wenyewe walikuwa wa kwetu.

Hao ndio walioitwa Wabombei. Vijana tisa wa Nasik waliungana na Livingstone 1866. Jacob Wainwright, Myao, alijiunga baadaye, na Livingstone alipokufa 1873 ndiye aliyesoma ibada ya maziko na kuchonga maneno kwenye mti, kisha akawa kati ya waliobeba mwili mpaka pwani, na yeye akapanda nao meli mpaka Uingereza, akashika pembe ya jeneza Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Mwaka 1875 Price huyo huyo akaja Mombasa kuanzisha Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru, na waliofanya yale makazi yasimame ni Wabombei, walimu, mafundi, wakalimani. Ukipita Kengeleni leo, ile kengele iliyolipa jina eneo ni ya Freretown. Matthew Wellington, mmoja wao, aliishi Mombasa mpaka 1935. William Jones akawa mchungaji na ndiye aliyewarudisha pwani waliobaki hai baada ya Askofu Hannington kuuawa Busoga 1885.

Na bado wazungu wa misheni wengi hawakuelewana nao, kwa sababu walijua Kiingereza, walivaa vizuri, walitaka mishahara na heshima ya mtu aliyesoma. Hapa ndio mahali ambapo huduma nyingi za watoto zinajikwaa hadi leo. Mtoto akiwa mdogo na mnyonge anapendwa. Akikua akawa na maoni anaambiwa ana kiburi. Mimi nimeliona kwa macho yangu, mhitimu anarudi kituoni na wazo zuri la kuboresha anaambiwa "wewe tumekulea hapa hapa."

Nirudi India ya sasa. Baada ya uhuru hosteli za makanisa zilienea sana kusini, Andhra Pradesh na Tamil Nadu hasa, na zilikuwa na sababu ya msingi kabisa, kijiji kina shule ya madarasa machache, sekondari iko mbali, mtoto wa Kidaliti hana pa kulala mjini, basi kanisa linajenga bweni. Kindernothilfe la Ujerumani lilianzia hapo, 1959, Wakristo wa Duisburg wanasaidia watoto watano wa India. Baadaye wakaona bweni peke yake halitoshi maana mtoto anaondoka kwenye umaskini wakati mama yake amebaki nao, wakaanza kuunga mkono vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, kitu ambacho sisi tumekizoea kwa jina la VIKOBA. Hapo mimi napiga makofi. Mama akiwa na akiba mtoto hahitaji kupelekwa kwenye nyumba ya yatima wakati si yatima.

Maana huo ndio ukweli ambao wachangiaji wengi hawaambiwi, watoto wengi wanaolala kwenye hizo nyumba wana mama, au baba, au bibi. Wamepelekwa kwa sababu ya chakula na shule.

Mwaka 2017 ilitokea kitu kilichonitoa machozi. Compassion, shirika ambalo Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania tunalijua sana, lililazimika kufunga kazi yake yote India. Serikali ya kule ina sheria ya pesa za kutoka nje inaitwa FCRA, ya 2010, na shirika liliwekwa kwenye orodha ya wanaotakiwa kuomba kibali kwa kila fedha inayoingia, tuhuma ikiwa kwamba pesa inatumika kubadilisha watu dini, wao wakakana. Kibali hakikuja, na Machi 2017 ikawa basi. Watoto zaidi ya 140,000. Mimi nikawa najiona nina miaka tisa, nimeshika kikombe changu, nakuta geti la kanisa limefungwa. Barua zimekatika katikati, yule mtoto aliyekuwa ameahidiwa na mfadhili wake kwamba atamwandikia akishafaulu amefaulu na hana pa kupeleka habari.

Siasa ya kule inaumiza, sitaficha. Graham Staines, Mwaustralia aliyehudumia wakoma Odisha kwa zaidi ya miaka thelathini, alichomwa moto ndani ya gari Januari 1999 pamoja na wanawe wawili, Philip miaka kumi na Timothy miaka sita. Mke wake Gladys akatangaza kuwasamehe wauaji na akabaki miaka kadhaa akiendelea na kazi ile ile ya wakoma. Kuna na sheria ya kikatili ya kimya kimya, ya 1950, ambayo inasema Mdaliti akiwa Mkristo anapoteza nafasi za vyuo na kazi zilizotengwa kwa watu wa tabaka lake. Masingasinga waliongezwa kwenye nafasi hizo 1956 na Wabudha 1990, Wakristo na Waislamu hapana. Yaani mtoto akibatizwa, umaskini unabaki, dharau inabaki, ila msaada wa serikali unaondoka. Ukimbatiza mtoto wa maskini kijijini kule umemgusa mpaka kwenye chuo atakachoomba baada ya miaka kumi, kwa hiyo mzazi lazima awe anajua, lazima akubali bila kusukumwa.

Sasa haya yote nimeyatafuta kwa sababu sisi wahitimu wa kituo chetu tuna kagrupu ka WhatsApp, tunachangishana kila mwezi, na mwenzetu mmoja ameleta habari ya mchungaji wa Maharashtra, upande wa Marathwada, ana hosteli ndogo ya watoto, walijuana Facebook. Zimekuja picha, watoto wamepangwa mstari, kila mmoja ameshika sahani. Kila mtu kwenye grupu moyo ukalainika na wangu pia ukalainika, lakini ile picha naijua, nimeshawahi kusimama kwenye mstari ule.

Nikaomba namba nikaongea na yule mchungaji mwenyewe, Kiingereza chetu cha kuungaunga pande zote mbili. Ni mtu mwema, nimemsikia. Nikamuuliza wazazi wako wapi, akasema wengi wao wako kwenye miwa. Marathwada ni kukavu, mvua za shida, kwa hiyo msimu wa kukata miwa ukifika, kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Machi Aprili, mume na mke wanaondoka pamoja kwenda mashamba ya viwanda vya sukari magharibi. Wanakuwa wameshachukua pesa ya awali kwa kontrakta na wanakata miwa kulipa deni. Wanahesabiwa kwa jozi, mume na mke, ndio maana kule mabinti wanaozeshwa mapema ingawa sheria inasema miaka kumi na minane, familia inapata jozi mpya na binti anapata wa kumlinda kambini. Watoto wakienda na wazazi shule imekufa miezi sita. Wakibaki, wanabaki na bibi asiyeona vizuri, au peke yao.

Kwa hiyo hawa si yatima na isiandikwe popote kwamba ni yatima. Shule kijijini ipo, sheria ya 2009 inamhakikishia mtoto elimu ya bure kuanzia miaka sita mpaka kumi na nne, na chakula cha mchana shuleni ni haki yao tangu Mahakama Kuu Kabisa ya India ilipoamuru mwaka 2001. Serikali ya jimbo nayo ina hosteli za msimu kwa watoto wa wakata miwa, ila hazijawafikia wote. Kinachokosekana ni mtu wa kukaa na mtoto jioni, chakula cha usiku, na mlango unaofungwa, kwa hiyo miezi sita. Msimu wa miwa ukiisha mama anarudi, mtoto alale kwa mama yake.

Nikamuuliza na habari ya sheria, na hapa wenzangu wanaochanga naomba mnielewe. Pesa ya kutoka nje kwa ajili ya kazi ya kanisa au watoto India haiwezi kutumwa tu kwenye akaunti ya mchungaji au kwa Western Union. Inatakiwa ipokelewe na chombo chenye usajili wa FCRA, na tangu mabadiliko ya 2020 lazima iingilie akaunti maalum kwenye tawi la benki ya SBI New Delhi, na hakiruhusiwi kuipokea halafu kikaigawia chombo kingine. Na nyumba yoyote inayolaza watoto lazima iwe imesajiliwa chini ya sheria ya watoto ya 2015. Sheria haibagui kwamba hii ni ya Wamarekani na hii laki tatu ni ya Watanzania maskini. Tukituma kienyeji anayeenda kulala polisi ni yeye, na watoto watatawanywa. Akanyamaza kidogo kwenye simu, halafu akasema dayosisi ya jirani ina usajili na ina kazi yake yenyewe ya watoto wa miwa, yeye atafurahi vijana wake wakiingizwa huko hata kama jina la hosteli yake litapotea. Hapo nikamwamini kabisa.

Jumapili tuna kikao cha wahitimu na hoja yangu naitaja hapa ili mje mmeshaisoma. Tuchange kwa ajili ya msimu wa miwa tu, kupitia dayosisi, na sehemu ya mchango iende kwenye vikundi vya akina mama ili ile pesa ya awali ya kontrakta ipungue nguvu. Tusiombe picha za watoto, kama ni lazima tuone kitu watutumie picha ya stoo ya mchele na daftari la mahudhurio. Barua mtoto aandike akitaka, kwa Kimarathi chake, tutatafuta wa kututafsiria. Na wale waliokua wakamaliza shule pale, nimemuomba mchungaji atuunganishe nao, wawili ameshawapata, mmoja ni nesi Pune na mwingine anafundisha shule ya msingi, nataka hao ndio watuambie pesa iende wapi.